Mstari wa Kalamu Mguuni kwa Bi Harusi

Hongereni, vijana. Nasikia siku hizi ugonjwa umekosa pa kukaa, kwa kuwa kila mmoja wenu ana simu, kila simu ina daktari ndani yake, na kila daktari wa humo anauza mafuta ya aina fulani. Mimi sikubahatika kuwa na elimu ya namna hiyo. Nimekuwa muuguzi tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nikawa huyu anayepumzika katikati ya ngazi na kusingizia kwamba anaangalia ziwa. Sehemu kubwa ya maisha hayo niliipitisha katika chumba cha kusafishia vidonda, hapahapa Ujiji. Kilikuwa na dirisha moja, meza ya chuma, na harufu ambayo sitaieleza, maana huenda mnakula.

Niliyojifunza humo si mengi. Kubwa ni kwamba mtu haangushwi sana na kile kilichomleta. Anakuja na mchubuko, anaangushwa na usaha. Anakuja na mafua, anaangushwa na nimonia. Mtoto anaugua surua, surua inapita, halafu masikio yanatoa maji na kifua kinambana. Hilo wenye vitabu huliita maambukizi ya pili: ugonjwa unaoingia kwa sababu ugonjwa mwingine, au jeraha, umeshamfungulia mlango. Na kabla hamjaanza kumtafuta jirani aliyewarushia, niwaambie kwamba vile vijidudu vya usaha havivuki ziwa kwa boti kuja kuwatafuta. Unaishi navyo. Viko juu ya ngozi yako, puani mwako na chini ya hizo kucha unazozifuga. Vimetulia, havina ugomvi na mtu. Vinangoja mlango tu.

Upele ukakuwasha ukajikuna mpaka damu, mlango huo. Umeungua, mlango huo. Mafua yamekuchubua njia ya pumzi kwa ndani, mlango huo. Umedhoofika kwa kisukari au kwa ugonjwa wa muda mrefu, hapo ni nyumba nzima haina mlinzi. Na mara nyingi kuliko mnavyodhani, anayefungua mlango ni mtu mwenye huruma aliyekuja na dawa mkononi.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Veronika, mama wa Kiha kutoka Kalinzi, mfupi, mwenye mikono migumu ya watu waliokua wakichuma kahawa. Asubuhi alikuwa akiingia na kutusalimu, "Mwakeye!", na kama hujamwitikia vizuri alikupa ndoo ya vyombo ukavioshe kisha ukavichemshe. Enzi hizo sindano tulizichemsha, makasi tuliyachemsha, na glovu, ukizipata, ulizifua ukazianika kwenye kamba kama soksi. Ninyi mnavaa jozi mpya na kuitupa, halafu mnalalamika kwamba kazi ni ngumu.

Siku zangu za mwanzo nilikuwa nikisafisha kidonda kwa kuanzia pembeni kwenda katikati, kwa moyo mweupe kabisa. Sista Veronika akanishika mkono.

"Sasa wewe Zuhura, hao wadudu wa pembeni unawasindikiza ndani? Umewapikia?"

Toka siku hiyo nikaanza katikati kwenda nje, na pamba iliyokwisha kugusa nje hairudi ndani. Si elimu kubwa. Lakini nimewaona watu wanaofagia nyumba kwa utaratibu huohuo, kutoka ndani kwenda mlangoni, na wakishika kidonda wanafagilia uchafu jikoni.

Alikuwa na maswali mawili kwa kila mgonjwa. La kwanza: "Ulianza na nini?" Hilo kila mtu alilijibu vizuri, kwa urefu, tangu alipoamka siku hiyo. La pili alilisema kwa sauti tamu kama ya mtu anayekukaribisha chai: "Halafu mkafanya nini?" Hapo mgonjwa alitazama dirishani. Ndugu aliyemleta akakumbuka kwamba ana shughuli nje.

Alikuja mvuvi mmoja wa dagaa kutoka Kibirizi, zamani hizo boti zikiwa bado zinavua kwa karabai, kabla hamjaja na taa zenu za sola. Karabai ilikuwa imemlipukia pajani. Ulianza na nini? Na moto. Halafu mkafanya nini? Basi ikaanza kutoka, kidogo kidogo. Wenzake botini walimpaka mawese. Mamaye akaongeza chumvi ili pakauke. Shemeji yake, mtu wa mjini, akaongeza dawa ya mswaki kwa kuwa ina ubaridi. Jirani akaja na unga mweusi wa ndani ya betri. Paja lile lilikuwa na kila kiungo isipokuwa pilipili. Sista Veronika akauliza kwa upole kama pilipili walisahau. Yule mvuvi akajibu kwa adabu zote kwamba hapana, nyumbani ilikuwa imekwisha.

Tulilisafisha paja lile mpaka mimi na yeye tukawa ndugu. Alipona, lakini si kwa haraka, na kovu lake halikuwa la moto. Moto ulikuwa mdogo. Kovu lile lilikuwa la msaada.

Nizungumzie na rangi mbili, maana najua mnayo ndani, kwenye droo, karibu na chaja zilizokufa. Kile kidonge cha rangi mbili kinatengenezwa kimezwe. Wazee wenu waligundua, bila kumuuliza mtu, kwamba ukikifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, kidonda kinakauka. Na kweli kinakauka! Juu. Unga unashikana na majimaji unafanya gaga, gaga linapendeza, mnapiga picha. Chini yake usaha umejengewa nyumba ya bati. Halafu mtu huyohuyo anameza viwili vilivyobaki, leo kimoja, kesho kimoja, basi, kwa sababu amepata nafuu na anabana matumizi. Vijidudu dhaifu vinakufa. Vilivyo sugu vinabaki vikiwa vimeshaijua dawa, na siku utakapoihitaji kweli vitakuwa vinaichekelea.

Wapo pia wanaomeza antibaiotiki kwa mafua. Mafua ni virusi, antibaiotiki haivigusi, lakini inafagia vile vijidudu vyema vilivyokuwa vikilinda mdomo na tumbo. Nafasi ikishakuwa wazi, fangasi wanahamia. Dada mmoja wa Mwandiga alikuja na ulimi mweupe kama aliyelamba chokaa. Alianza na nini? Na kupiga chafya. Nikampongeza: alikuwa na ugonjwa ambao ungeondoka wenyewe, sasa anao wa kwake.

Lakini msije mkatoka hapa mkidharau mafua. Mafua yakipungua, ukaanza kula na kuchekacheka, halafu homa ikarudi, na safari hii na maumivu ya kifua na pumzi fupi, hayo si mafua yaleyale. Ni mwingine ameingia. Na mtoto mwenye upele wenye usaha, akiamka siku moja uso umevimba na mkojo una rangi ya chai kavu, msimsifie kwamba amenenepa. Mpelekeni hospitali, figo zimeguswa. Nimeona bibi akifurahia mjukuu alivyojaa mashavu. Alikuwa anampiga picha wakati namchukua.

Basi nikastaafu. Kustaafu kwa muuguzi wa Ujiji ni kufanya kazi ileile nyumbani bila dirisha wala meza ya chuma. Naishi Kasingirima, na mtaani hakuna asiyejua mlango wangu.

Nyumba ya nne kutoka kwangu anaishi Bi Tatu, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufukuzia mbuzi. Bi Tatu ndiye somo wa mtaa. Mwari akitaka kuolewa, yeye ndiye anayemweka ndani, anamsinga kwa liwa na manjano, anampamba hina, anamfundisha mambo ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa. Hakuna harusi iliyofana Kasingirima bila mkono wake, na ukisahau atakukumbusha. Mwari wa safari hii alikuwa Mwajabu, binti wa marehemu kaka yake. Kaka alipofariki, Bi Tatu aliuza dagaa kwa vikapu mpaka mtoto akasoma, akajifunza ushonaji, akanunuliwa cherehani ya kukanyaga. Msichana ana miguu myepesi, mashine ikilia utadhani mvua. Hiyo cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake. Haya nayasema mapema ili msije mkamchukia Bi Tatu. Alimpenda yule mtoto kuliko nafsi yake. Shida ya upendo ni kwamba haunawi mikono.

Wiki ya harusi, mama yake Mwajabu akaja kwangu akitembea upandeupande, kama mtu anayekwenda kukopa.

"Shikamoo dada Zuhura."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nasema tu, kama una nafasi, upite umtazame mwari, miguu inamwasha. Lakini usiseme nimekuita."

Nikapita. Mwajabu alikuwa kwenye mkeka, chumba kimefungwa madirisha kwa kanga, ubani unafuka. Miguu imepambwa maua meusi, meusi tii, kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Mazuri, sikatai. Mguu wa kushoto, katikati ya maua, malengelenge yalikuwa yamefuata mchoro vilevile, petali kwa petali. Mengine yalikuwa yamepasuka.

"Hina inashika hiyo," Bi Tatu akasema kabla sijauliza. "Hina nzuri lazima iwashe."

"Hina haiwi nyeusi hivi, Bi Tatu. Hii ni piko. Umechanganya na nini?"

"Siri ya fundi."

Siri ya fundi ilikuwa imetupwa uani karibu na jiko, pakiti ya rangi ya nywele yenye picha ya mwanamke anayecheka. Nyuma wameandika kwa herufi za sisimizi usiweke kwenye ngozi. Kwa hiyo swali la kwanza nilikuwa na jibu lake: alianza na kuungua kwa rangi. Nikakaa vizuri, nikaleta sauti ya Sista Veronika.

"Halafu mkafanya nini?"

Mama mtu akatazama dirisha lililozibwa kwa kanga.

"Nilimpaka mawese kidogo," Bi Tatu akasema. "Yakalainisha. Nikamwagia rangi mbili. Nikamvalisha mfuko wa nailoni, nikaufunga vizuri, asichafue shuka."

Nikamsifu. Nikamwambia kwamba vijidudu vinapenda vitu vitatu, joto, unyevu na giza, na yeye amevipa vyote kwenye mfuko mmoja na mafuta juu. Hata hospitali kubwa hazivihudumii hivyo. Hakucheka.

Niliosha mguu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikatoa ule ukoko, nikafunga kwa kitambaa safi. Kidonda kilikuwa na wekundu pembeni, wa moto ukigusa, lakini msichana hakuwa na homa. Nikachukua kalamu ya wino kwenye pochi yangu, nikachora mstari kuzunguka pale wekundu ulipoishia. Hii ni kazi ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nawasihi muijue. Wekundu ukibaki ndani ya mstari au ukirudi nyuma, mwili unashinda. Ukivuka, unashindwa, na hakuna haja ya kubishana na mtu, mstari umeshasema.

"Kesho aonwe na daktari," nikawaambia. "Na wekundu ukivuka mstari, au akapata homa, msingoje kesho. Hapohapo."

"Mwari hatoki," Bi Tatu akasema.

"Najua hatoki."

"Akionekana njiani kabla ya siku yake, watasema nini?"

"Watasema ana miguu miwili."

Mama mtu akaahidi kwamba daktari ataitwa aje ndani. Nikaondoka nikiwa nimeridhika, jambo ambalo muuguzi asilifanye.

Niliporudi siku iliyofuata kutazama, hakuna daktari aliyeitwa. Jua lilikuwa la mchana, chumba kinachoma kama tanuri, na Mwajabu alikuwa amejifunika mablanketi anatetemeka meno. Bi Tatu alikuwa pembeni yake na bakuli la liwa, uso umemsawijika kwa kukosa usingizi. Nikafunua mguu. Ulikuwa umevimba, unang'aa, maua yamevutika mpaka yamekuwa mengine. Nikatafuta mstari wangu. Haupo.

"Mstari uko wapi?"

"Ule wa kalamu?" Bi Tatu akauliza. "Si ulikuwa unaharibu pambo. Nimemsinga ukatoka. Na pale palipozidi kuwa pekundu nikamwongezea maua, pasionekane."

Nimeona watu wakificha dawa, wakificha ugonjwa, wakimficha hata mgonjwa mwenyewe chini ya kitanda. Sikuwahi kuona mtu akipamba maambukizi. Nikapapasa kinena cha yule mtoto, mtoki umejaa kama yai la bata. Kutoka juu ya maua kulikuwa na mchirizi mwekundu unaopanda kwa ndani ya mguu kuelekea gotini. Homa walikuwa wakiizima kwa panadoli, ikipanda wanaizima tena, na kila ikizimwa Bi Tatu alikuwa akishukuru Mungu kwamba amepona.

"Anakwenda hospitali sasa hivi."

"Keshokutwa ndiyo harusi, Zuhura. Watu wameshachinja. Apelekwe Jumapili."

Dhihaka zangu zote zilinikimbia hapo, vijana. Nilitafuta hata moja sikuipata.

"Tatu," nikamwambia, "sumu ya kile kidonda iko njiani kuingia kwenye damu. Huyu anaweza kufa. Asipokufa, anaweza kukatwa mguu. Jumapili hakuna."

"Usimtabirie mtoto mabaya!"

"Simtabirii. Namwona."

Akasimama mlangoni, mrefu vile, akaujaza. Nilidhani atanipiga. Kumbe alikuwa analia. Akaniambia aliwahi kuwa na mwari aliyetoka nje siku moja tu kabla ya harusi, akaenda dukani, upande wa mume wakapata neno la kusema, na ndoa ikavunjika. Mwari huyo hakuolewa tena. Hilo jambo lilimkaa Bi Tatu kifuani, na ndilo alilokuwa akimkinga nalo Mwajabu. Alikuwa anaulinda mlango wa barabarani, na mlango wa mguuni uko wazi.

Sauti ikatoka ndani ya mablanketi, ndogo.

"Shangazi, mguu huu ndio wa cherehani."

Bi Tatu akageuka.

"Nitoe, shangazi. Nifunike hata kwa mkeka. Mimi naona naondoka."

Sijui kama alimaanisha anaondoka kwenda hospitali. Bi Tatu hakungoja kujua. Yule mwanamke aliyekuwa ameziba mlango ndiye aliyeufungua kwa teke. Ikaitwa bajaji. Mwari akavikwa buibui, juu ya buibui kanga, juu ya kanga shuka, na wanawake wakamzunguka wameshika vitenge kama kuta ili asionekane na mtu. Sasa niambieni, kuna kitu gani kinachowatoa watu majumbani kama ukuta wa vitenge unaotembea barabarani mchana, na ndani yake mtu analia? Kasingirima nzima ilisimama vibarazani. Hakuna aliyemwona mwari. Hakuna ambaye hakujua.

Hospitali kubwa ya mjini tulimkuta daktari kijana, mwenye ndevu tatu. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha kazi, kama ilivyo desturi yetu sisi wazee. Hakunipa nafasi. Aliuliza maswali yangu yote mawili, kwa utaratibu uleule, akatundika dripu, akaanza dawa ya mshipani, akachora mstari wake kwa kalamu nene isiyofutika, na jioni ileile akampeleka chumba cha upasuaji kuufungua mguu. Ulitoka usaha ambao sitauelezea, bado naamini mnakula. Alipotoka alituambia mimi, mama mtu na Bi Tatu, bila kuzungusha.

"Nimetoa ngozi iliyokufa. Nyama za chini naziona zina uhai, lakini bado sina hakika. Asubuhi tutatazama. Wekundu ukiwa umeendelea kupanda, tutazungumza habari za kukata, ili kumwokoa yeye."

Mama mtu alikaa chini palepale kwenye sakafu. Bi Tatu hakukaa. Aliomba kubaki na mgonjwa, na kwa sauti ile hakuna muuguzi aliyethubutu kumkatalia.

Asubuhi nilifika mapema, magoti yangu yakinitukana. Nikasikia kelele kabla sijaingia wodini. Kijana wa usafi alikuwa amekuja na beseni na kitambaa kumfuta mgonjwa miguu, na Bi Tatu amemsimamia mbele ameinua ndala.

"Ufute mwili wote, baba! Lakini mstari wa daktari ukiugusa, mimi na wewe tutafikishana mbali!"

Daktari akaja, akafungua bandeji. Mimi sikuutazama mguu kwanza, nilimtazama yeye usoni, maana hiyo ndiyo njia ya haraka ya kusoma kidonda. Akainama. Akanyoosha kidole, akaupima uwazi kati ya wekundu na ule mstari mweusi. Wekundu ulikuwa umeshuka. Si sana, upana wa kidole. Lakini ulikuwa upande wetu.

"Tutaendelea na dawa," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Bi Tatu akamkumbatia na ndevu zake tatu.

Siku ya harusi ikafika Mwajabu akiwa kitandani na dripu. Sasa kwetu nikahi haimhitaji bi harusi awepo. Ni kazi ya walii wake na mume mbele ya mashahidi. Wakaifunga msikitini wakati mke anapimwa joto. Halafu bwana harusi anatakiwa aende kwa mkewe, amwekee mkono kwenye paji la uso, amwombee dua. Basi akaja. Shabani, fundi wa mashine za boti, kijana mpole, ndani ya joho lenye mapambo ya dhahabu, amesimama kati ya vitanda vya wanawake wagonjwa kama aliyepotea njia. Nje maandamano na matari yalikuwa yamezuiwa getini. Nikamwonyesha bomba na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko, joho likalowa.

Akamwekea mkewe mkono pajini, akasoma dua. Ilikuwa nzuri. Kisha akautazama mguu. Bandeji ilikuwa imefunika sehemu kubwa. Juu yake yalibaki maua nusu, meusi, yamekatika katikati. Vidole vilikuwa vimetokeza, vimevimba.

"Bibi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huu mguu utafanya kazi?"

Nilianza kumjibu kwa ile lugha yetu ya kusema neno bila kusema neno, kwamba tumshukuru Mungu, kwamba subira ni jambo jema. Mwajabu akanikatiza. Aliuma mdomo, na vile vidole vikashuka, taratibu, vikapanda, vikashuka tena, unyayo ukavifuata, kama mtu anayeijaribu mashine iliyokaa muda mrefu bila mafuta. Jasho lilimtoka usoni. Akaukanyaga ule upepo mpaka akachoka.

Bi Tatu akapiga kigelegele. Ndani ya wodi ya upasuaji, saa ya daktari kupita. Muuguzi wa zamu akaja mbio kumnyamazisha, na kabla hajafika, mama mmoja mwenye mkono kwenye plasta akaitikia kutoka kitanda cha mwisho, na mwingine, na mwingine, wagonjwa watupu, wengine hawajui hata wanashangilia nini. Mimi nilitoka nje nikalia. Sikulia msibani kwa Sista Veronika namna hiyo.

Mwajabu ana kovu baya na ana miguu miwili. Nami nimewafunga bandeji wengi waliofika kwetu na kitu kidogo kuliko chake, kipele, mwiba, lengelenge la kiatu kipya, wakarudi makwao na mguu mmoja au wakarudishwa wamefunikwa. Hao hakuna aliyewapigia kigelegele. Wengi wao walikuwa vijana, wa umri wenu.